Wasomaji Wanauliza: Kindi-mbuga na Majani Anayoyakata

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu mnyama mmoja ambaye haishi Afrika: yule mdogo wa rangi ya udongo anayesimama wima mlangoni pa shimo lake, mikono kifuani, kwenye nyanda za majani za Marekani. Waliouliza mambo yanayofanana tumewaunganisha. Barua ya mwanafunzi wa Mlimani na ya mwalimu wa Mbagala tumezipa nafasi kubwa, kwa sababu ndizo zilizogusa jambo ambalo vipindi vya televisheni hulipita haraka, yaani majani.

Shikamooni. Kwenye televisheni tafsiri inasema "mbwa wa nyikani". Mwanangu wa darasa la sita anashikilia kuwa ni panya. Nani yuko sahihi?
*Mama wa watoto watatu, Tabata*

Marahaba, mama. Mwanao amekaribia zaidi kuliko mtafsiri. Ni mgugunaji wa familia ya kindi, ila badala ya kupanda miti anachimba ardhi. Jina la mbwa (kwa Kiingereza *prairie dog*) lilitokana na mlio wake mfupi wa kukatakata, ambao walowezi waliusikia kama mbweko. Hata jina lake la kisayansi, *Cynomys*, limeunganisha maneno mawili ya Kigiriki, mbwa na panya, kwa hiyo mabishano ya nyumbani kwako ni ya siku nyingi. Sisi tutamwita kindi-mbuga.

Wapo wa aina 5. Anayeonekana sana kwenye picha ni mwenye ncha nyeusi ya mkia, *Cynomys ludovicianus*, anayepatikana kuanzia kusini mwa Kanada hadi kaskazini mwa Meksiko. Mkubwa ana uzito wa kati ya gramu 700 na kilo 1.4 hivi. Huyu halali msimu mzima wa baridi kama wafanyavyo baadhi ya ndugu zake. Siku ya baridi yenye jua utamkuta nje anatafuta chakula.

Nimepata nafasi ya kwenda Colorado miezi mitatu, Juni hadi Agosti, kusaidia utafiti wa makazi ya wanyama hawa. Nimeambiwa nitashiriki kuchora mipaka ya makazi na kuhesabu wanyama. Nimefikiria kwamba njia rahisi ni kuhesabu mashimo halafu kugawanya. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mlimani*

Anza kwa kuliacha wazo la mashimo. Kaya moja ya kindi-mbuga, yaani dume mmoja, majike wachache na watoto wao, inaweza kuwa na milango kwa makumi ndani ya eneo lisilofika nusu hekta. Wakati wa hatari anakimbilia mlango ulio karibu, kwa hiyo milango mingi ni usalama wake. Isitoshe, makazi yakifa kwa ugonjwa au sumu, mashimo hubaki wazi muda mrefu. Ukigawanya idadi ya mashimo kwa namba yoyote ile, utapata wanyama hata mahali ambapo hawapo.

Mashimo yana kazi moja: kukuonyesha sehemu gani inatumika. Wanaofanya kazi hii hupita kwenye mistari yenye upana wa mita 3, wakirekodi kila shimo lenye mdomo wa sentimita 7 au zaidi ambalo mwisho wake hauonekani kwa macho. Shimo linahesabiwa kuwa hai likiwa na mavi mabichi ndani ya nusu mita kutoka mlangoni. Mabichi ni meusi au ya kijani iliyokolea, hayajapauka wala kukauka hadi kupasuka. Utando wa buibui mlangoni ni dalili ya kinyume, lakini usiutegemee peke yake, maana buibui hujenga usiku mmoja.

Mpaka wa makazi tafuta kwenye majani. Kindi-mbuga hukata majani mahali pote anapoishi, na kwenye mbuga yenye majani marefu mkato huo huonekana waziwazi kama ukingo wa kiwanja kilichofyekwa. Tembea juu ya ukingo huo ukiwa na GPS inayorekodi kila baada ya mita 5 hadi ufunge duara. Kabla ya hatua ya kwanza, andika kanuni yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mpaka ni pale mkato unapoishia, au shimo hai la mwisho, lolote lililo nje zaidi. Usipoiandika, utaibadilisha bila kujua siku ya tatu jua likiwa kali, na ramani ya mwaka huu haitalinganishwa na ya mwaka ujao.

Sasa, Colorado ya mashariki ina shida yake. Majani ya kule ni mafupi kwa asili, na ng'ombe wakishapita, mkato wa kindi-mbuga na wa ng'ombe unachanganyikana. Hapo ukingo wa majani haukusaidii sana, shika mashimo hai ya nje. Tazama pia namna ya mkato. Ng'ombe anazungusha ulimi na kuvuta, anaacha ncha zilizochanika kwa urefu usiolingana. Kindi-mbuga anakata kwa meno ya mbele, karibu na ardhi, na mara nyingi utakuta vipande vizima vimelala palepale bila kuliwa.

Kuhesabu wanyama wenyewe kunafanywa kwa macho. Chagua kiraka cha hekta 4, kwa mfano mita 200 kwa 200, na uweke alama kwenye pembe zake. Alama ziwe fupi. Ukisimika miti mirefu, mwewe watapata pa kutua, kindi-mbuga watabaki mashimoni, na utakuwa umeharibu hesabu yako kwa vifaa vyako mwenyewe. Bendera ndogo za plastiki nazo ng'ombe huzitafuna, kwa hiyo beba za akiba.

Fika mapema kabla wanyama hawajatoka, ukae ndani ya gari au kwenye jukwaa, na usishuke. Kama umewakuta nje wakakimbia, subiri angalau nusu saa hadi warudie kula. Kisha pitisha darubini kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo uleule, ukihesabu kila unayemwona, bila kurudi nyuma kwa aliyechomoka baadaye. Rudia kila baada ya dakika 15 asubuhi hiyo, na ufanye hivyo siku 3. Namba inayochukuliwa ni ile ya juu kabisa, wala siyo wastani. Sababu ni kwamba wakati wowote kuna walio chini ya ardhi, kwa hiyo kila hesabu ni pungufu, na ile kubwa ndiyo iliyokosea kidogo zaidi. Bado hata hiyo haijafikia idadi kamili. Iite kipimo cha kulinganishia, usiiite idadi ya wanyama.

Mambo yanayoharibu: mvua, upepo mkali, na joto. Kiangazi wanyama hawa hula zaidi asubuhi na jioni, mchana wakajificha. Na ardhi ikishapata moto, mvuke wa joto unacheza mbele ya kioo cha darubini kiasi kwamba kichuguu kilicho umbali wa mita 200 kinaonekana kama mnyama anayetikisika. Likitokea hilo funga daftari, urudi jioni. Jingine ni watoto. Hutoka shimoni kwa mara ya kwanza wakiwa na wiki 6 hivi, Mei hadi Juni, kwa hiyo hesabu ya Juni mwishoni ina watoto ndani yake na ya Aprili haina. Andika tarehe, na watoto uwaandike safu yao wakati bado wanatofautika kwa umbo. Agosti watakuwa wamekua, hutawatambua kwa uhakika.

Mkiwa wawili, mmoja aangalie mwingine aandike. Lakini wiki ya kwanza hesabuni wote kwa wakati mmoja bila kuambiana, kisha linganisheni. Mkipishana zaidi ya mmoja kwa kumi, bado hamjawa tayari.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameuliza swali nililoshindwa: kama anakula majani, kwa nini anakata na mengine ambayo hayali? Na tunajuaje anakula nini hasa, maana yuko mbali na majani yote yanafanana?
*Mwalimu wa biolojia, Mbagala*

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza kiini cha jambo lenyewe. Mnyama wa kilo moja anayeishi mahali pasipo na mti wa kupanda ana silaha moja, nayo ni kumwona adui mapema: koyote (mnyama wa jamii ya mbwa afananaye na mbweha), tai, na beja wa Marekani anayechimba kwa nguvu kama nyegere wetu. Jani refu ni pazia. Kwa hiyo analikata, liwe chakula au lisiwe, na kulitupa. Huko Texas ameonekana akigugunia miche na maganda ya miti ya jamii ya *Prosopis*, ndugu wa mathenge unaowasumbua wafugaji wa Baringo nchini Kenya, na mahali alipoondolewa kwa sumu vichaka vya mti huo vilipata nafasi ya kuvamia mbuga. Mtu akisema mnyama huyu anapalilia, hajatia chumvi.

Chakula chake hasa ni nyasi na magugu ya majani mapana. Kwenye orodha ya nyasi zake zimo *Pascopyrum smithii*, *Bouteloua gracilis*, na *Bouteloua dactyloides*, ambayo hutambaa kwa vikonyo juu ya ardhi kama ukoka wetu. Majira ya baridi, majani mabichi yakiisha, huchimba mizizi na kula dungusi kakati. Maji ya kunywa hayahitaji sana; anayapata kwenye chakula.

Kuhusu kujua anakula nini, njia ziko tatu na kila moja ina udhaifu wake. Ya kwanza ni kumfuata mnyama mmoja kwa darubini dakika 5, ukiandika anapoinamisha kichwa na mmea anaoushika. Inafaa kwa magugu yenye maua yanayotambulika. Kwa nyasi fupi utakuwa unabahatisha. Ya pili ni mavi. Ngozi ya nje ya kila jani ina mpangilio wake wa seli na vinyweleo, na vipande vyake hupita tumboni bila kuharibika. Unaandaa kwanza slaidi za mimea unayoijua, kisha unalinganisha na vipande vilivyo kwenye mavi chini ya hadubini. Udhaifu wake ni kwamba magugu laini humeng'enywa zaidi kuliko nyasi ngumu, hivyo nyasi huonekana nyingi kuliko zilivyoliwa. Ya tatu ni kupima mmea wenyewe, kilichopo na kilichopungua, na hii ndiyo wanafunzi wako wanaweza kuijifunza hapahapa Mbagala. Tutaifafanua kwenye barua ya mwisho.

Sasa jambo linalotufurahisha zaidi, ambalo tungependa wanafunzi walichore ubaoni. Katika hifadhi ya Wind Cave, South Dakota, watafiti walitembea kutoka nje ya makazi ya kindi-mbuga hadi katikati yake, na walikuta kama wanatembea katika miaka. Nje kabisa, nyasi ndefu za kawaida. Ukingoni, ambako wanyama walikuwa wamefika miaka michache tu, nyasi zimekatwa fupi lakini bado ni nyasi. Katikati, palipokaliwa zaidi ya miaka 25, nyasi zimepungua na magugu ya majani mapana na vichaka vidogo vimetawala. Mnyama aliyekaa mahali pamoja miaka mingi ameubadilisha mmea unaomlisha.

Mmea nao umejibadilisha. *Pascopyrum smithii* iliyochukuliwa ndani ya makazi na kupandwa kwenye banda, mbali na meno yoyote, iliendelea kuota fupi na ya kulala kuliko ile ya nje. Yaani ufupi ule ulikuwa umeshaingia kwenye mbegu na mizizi, kwa kuwa miche mirefu ndiyo iliyokuwa ikikatwa kizazi baada ya kizazi.

Na majani yaliyokatwa mara kwa mara ni machanga, yana naitrojeni nyingi zaidi kwa kila gramu na yanameng'enyeka kwa urahisi. Ndiyo maana nyati wa Marekani, anayeitwa baisani, huenda kulisha kwenye makazi hayo, hasa ukingoni kwenye nyasi, huku pronghoni, mnyama anayefanana na swala, akipenda magugu ya katikati. Watanzania tunalijua hili kwa sura nyingine: nyanda za Serengeti, ambako nyumbu wakishakata majani marefu, machipukizi yanayofuata huwaleta swala tomi. Tofauti ni kwamba nyumbu anahama, kindi-mbuga anabaki.

Mimi nafuga ng'ombe wachache Chanika. Nimesoma kwamba wafugaji wa Marekani waliwaua hawa wanyama kwa sumu nchi nzima. Je, kweli wanamaliza malisho, au waliwaonea?
*Mfugaji*

Ndugu mfugaji, hofu yao ilikuwa na msingi, ila hesabu waliyoitumia ilikuwa fupi. Mwaka 1902 Merriam, mtaalamu wa serikali ya Marekani, aliandika kwamba kindi-mbuga 32 wanakula sawa na kondoo mmoja, na 256 sawa na ng'ombe mmoja. Alikadiria pia makazi mamoja ya Texas kuwa na wanyama milioni 400. Ukigawanya milioni hizo kwa 256 utaona kwa nini watu walitishika. Kampeni za sumu zilizofuata, pamoja na kulima mbuga na ugonjwa, zimeacha sehemu ndogo mno ya eneo walilokuwa nalo.

Kilichokosekana kwenye hesabu ile ni kwamba ng'ombe na kindi-mbuga hawali kila kitu kimoja, na majani yaliyobaki siyo mabaya. Kiasi kinapungua, ubora unapanda. Mwaka wa mvua nzuri, na makazi yakiwa sehemu ndogo ya shamba, hasara kwa ng'ombe inaweza kuwa ndogo. Mwaka wa ukame, au makazi yakishika sehemu kubwa ya shamba, ubora haumshibishi ng'ombe, anahitaji tumbo lijae, na hapo mfugaji anaumia kweli. Wanaosema kwamba hakuna ushindani kabisa, nao hawajakaa na mfugaji wakati wa kiangazi.

Lakini sumu ilimaliza na wengine. Kicheche wa kule, fereti mwenye miguu myeusi, chakula chake karibu chote ni kindi-mbuga, na hulala mashimoni mwao. Ilidhaniwa ametoweka duniani hadi mwaka 1981 alipopatikana Meeteetse, Wyoming. Kufikia 1987 wale 18 wa mwisho walikuwa wamekamatwa wazalishwe kizuizini, na wote waliopo leo wametokana na kundi hilo.

Kwa nini wanabusiana?
*Msomaji, Sinza*

Wanagusanisha midomo na meno ili kutambuana. Wa kaya moja wakimalizana huendelea kula au husafishana manyoya. Wa kaya mbili tofauti hufukuzana. Tusimtazame kama mnyama wa kuchekesha tu. Hoogland, aliyewachunguza miaka 14 huko Wind Cave, aligundua kwamba katika kila majike 10 waliozaa, karibu 4 hupoteza watoto wote au baadhi yao kwa kuuawa na kindi-mbuga wenzao, na mara nyingi muuaji ni jike anayenyonyesha wa kaya hiyohiyo.

Ni kweli wana lugha?
*Wanafunzi wawili, Ubungo*

Wana milio ya tahadhari inayobadilika kulingana na adui. Slobodchikoff na wenzake, waliofanya kazi Arizona na aina iitwayo *Cynomys gunnisoni*, walionyesha kwamba mlio wa kumtahadharisha mwewe unatofautiana na wa koyote, na kwamba hata umbo na rangi ya nguo ya mtu anayepita hubadilisha mlio. Kuiita lugha ni hatua ambayo wanasayansi wengine hawajaikubali, nasi tunaona busara kuishia kwenye neno milio. Kuna mlio mwingine ambao mnyama huupiga akinyanyua mikono na kurudisha kichwa nyuma. Mmoja akianza, jirani hufuata, kijiji kizima kikaitikia.

Kwa mtafiti hili lina maana ya vitendo. Ukivaa shati jekundu leo na la kijivu kesho, umebadilisha unachokipima. Vaa nguo moja siku zote.

Binti yangu anakwenda huko kwa masomo. Nimesikia wanyama hawa wana tauni. Nimzuie?
*Mzazi, Kigamboni*

Usimzuie, mzazi wetu. Mwambie afuate kanuni. Tauni ni ileile tunayoijua kutoka Lushoto na Mbulu, inayoenezwa na viroboto. Kwa Marekani iliingia kupitia bandari ya San Francisco mwaka 1900, na kwa kuwa kindi-mbuga hawakuwa na kinga nayo, ikiingia kwenye makazi yao huua zaidi ya 9 katika kila 10 ndani ya wiki chache.

Dalili ya kwanza uwanjani ni ukimya. Makazi yaliyokuwa na kelele wiki iliyopita yakiwa kimya asubuhi yenye hali nzuri, asiingie. Atoe taarifa kwa msimamizi. Hapo ndipo hatari ni kubwa, kwa sababu viroboto waliopoteza mwenyeji husubiri milangoni mwa mashimo wapate wa kumrukia. Asiguse mnyama aliyekufa kwa mkono mtupu, asikae wala kuweka begi karibu na mdomo wa shimo, achomeke suruali ndani ya soksi, na nguo za kazi zitiwe dawa ya permethrini mapema, kabla ya kuvaliwa. Akipata homa ya ghafla ndani ya wiki moja baada ya kuwa uwanjani, hasa ikiwa na uvimbe kwenye kinena au kwapa, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme wazi alikuwa wapi. Antibayotiki huponya vizuri ikianzwa mapema. Kuchelewa siku mbili tatu kunaua.

Klabu yetu ya mazingira ina wanachama 20 na hela kidogo. Hatutafika Marekani. Tunaweza kujifunza mbinu hizi hapa Dar es Salaam?
*Klabu ya shule ya sekondari, Temeke*

Mnaweza, na sehemu ya majani mnaweza kuianza Jumamosi hii.

Tafuteni mahali penye ukoka unaoliwa na mbuzi au ng'ombe kila siku. Viwanja vya pembeni mwa jiji vipo vingi. Ombeni ruhusa ya mwenyewe. Tengenezeni fremu ya mraba ya nusu mita kila upande, kwa nondo nyembamba au bomba la plastiki la maji. Wekeni mstari wa kamba wa mita 100 unaoanzia pale mifugo inapokaa zaidi na kuishia nje ya inapofika. Kila mita 10 lazeni fremu chini. Andikeni urefu wa majani sehemu 5 ndani ya fremu, asilimia ya nyasi, ya magugu na ya udongo mtupu. Rula isimame juu ya udongo, msiikandamize, maana udongo laini baada ya mvua unameza sentimita nzima. Asilimia zikadiriwe na watu wawili kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Mistari 4 inatosha kuanzia.

Kisha mjenge vizimba 3 vya wavu wa kuku, mita 1 kwa mita 1 na kimo cha nusu mita, vikiwa na vigingi kwenye pembe na paa la wavu. Kando ya kila kizimba wekeni alama ya eneo la ukubwa huohuo lililo wazi, linalofanana nacho kwa majani. Pimeni yote mawili kila wiki kwa wiki 8. Tofauti kati ya ndani na nje ndiyo iliyoliwa. Vigingi vifupi mbuzi wataving'oa kwa kujikuna, kwa hiyo viingie ardhini sentimita 40. Vizimba msiviache mahali pamoja miezi mingi, kwa sababu wavu wenyewe hutia kivuli na kupunguza upepo, na majani ya ndani huanza kukua kwa sababu ambayo siyo kukosa mbuzi.

Mkitaka uzito, kateni majani ya fremu kwa mkasi hadi usawa wa sentimita 2, muyatie kwenye mfuko wa karatasi ya kaki wenye tarehe na namba iliyoandikwa kwa penseli. Mfuko wa plastiki utayaozesha kabla hamjafika nyumbani. Kukausha kwa jua la Dar es Salaam hakutoshi, hewa yetu ina unyevu na majani huurudia usiku. Ombeni maabara yenye ovena: nyuzi 60 za selsiasi, saa 48, kisha pimeni kabla hayajapoa muda mrefu.

Kwa upande wa mnyama, jifunzeni njia mbili za kutazama ambazo Jeanne Altmann alizifafanua mwaka 1974; yeye mwenyewe alikuwa mtafiti wa nyani wa Amboseli, jirani zetu tu. Ya kwanza ni kupitisha jicho: kila dakika 10 mnalipita kundi lote mara moja, mkiandika kila mnyama anafanya nini wakati huohuo mlipomfikia, hata kama sekunde iliyofuata alibadilika. Ya pili ni kumfuata mmoja kwa dakika 5 na kuandika kila tendo. Tumbili wanafaa, kwa kuwa wako mchana na wamezoea watu. Kunguru kwenye uwanja wa shule wanafaa pia. Tumieni alama 4 tu mwanzoni: anakula, anatazama, anatembea, mengine. Klabu nyingi huanza na alama 15 na siku ya pili hakuna anayezikumbuka. Msiwape chakula, mtakuwa mnapima mkate wenu.

Mkipata safari ya Mikumi, mtazameni nguchiro. Anaishi kwa kundi na mara nyingi hukaa kwenye vichuguu, lakini anakula wadudu na hahitaji kukata jani, kwa hiyo atawafundisha ulinzi wa kundi, hatawafundisha malisho. Mnyama wetu aliye karibu zaidi na kindi-mbuga kwa tabia ya kula majani na kupiga mlio wa tahadhari ni pimbi wa miambani, ingawa kwa nasaba yuko upande wa tembo. Kisiwa cha Saanane, Mwanza, ni mahali rahisi pa kuwaona. Kutazama tu kama watalii hakuna shida. Mkitaka kuchukua takwimu hifadhini kwa ajili ya kuchapisha, mtahitaji vibali kupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na maombi yanachukua muda, hivyo yaanzeni muhula mmoja kabla.

Mkimaliza wiki 8 za vizimba, tutumieni jedwali lenyewe, pamoja na safu zilizoharibika.